Nyumba Yenye Kahawa Ndani

Mvua ilipoanza kugonga mabati, Blasio aliamka na kuketi kitandani, mikono juu ya magoti, akisikiliza mlima nyuma ya nyumba. Alikuwa hivyo tangu msimu uliopita, siku ukingo wa mlima ulipokatika na kumfunika mwanawe wa kiume wa pekee, Mumbere, akiwa ameinama kukunja turubai la kahawa isilowe. Aliyemwita atoke haraka akalikunje alikuwa Blasio mwenyewe. Alimwita akiwa mlangoni, kipande cha muhogo kikiwa bado mkononi.

Baada ya mazishi mwili wake ulianza kumkataa. Moyo ulikimbia akiwa amekaa tu. Asubuhi alipanda kwenda shambani na jembe begani, akafika nusu ya njia, akakaa chini kama mtu aliyetoka Kampala kwa miguu. Hospitali walimpima wakasema moyo na mapafu havina kasoro, ila huzuni na wasiwasi vimemmaliza nguvu. Wakampa vidonge vya usingizi na kumtaka arudi azungumze na muuguzi wa magonjwa ya akili. Hakurudi. Ukionekana kwenye benchi la chumba kile, habari zako hufika kijijini kabla yako. Vidonge navyo alivitupa chooni. Alipovimeza alilala kama gogo, na aliyelala kama gogo hawezi kusikia mlima ukianza.

Mkewe, Rusi, hakumbishia. Mvua ilipomwamsha mume, naye aliamka, akawasha taa ya sola, akamwaga kahawa kavu kwenye ungo, wakaketi wawili kuichambua, mbovu huku, nzima huku. Kahawa yote ilikuwa ndani kwa kuogopa wezi na unyevu, magunia yamepangwa ukutani hadi karibu na kitanda, kama katika kila nyumba ya mlima ule wakati wa mavuno. Rusi alimsimulia umbea wa kanisani. Blasio alimtania kwamba macho yake yamezeeka, anapitisha buni zilizotobolewa na wadudu. Mvua ilipokatika, Blasio alijinyoosha juu ya magunia na kupata usingizi kidogo, akaamka shavu limechorwa nyuzi za katani. Hakuna aliyeliita jambo hilo tiba. Ilikuwa kazi tu, na kazi ya kahawa haiishi.

Binti yao, Gorret, ndiye mtoto aliyebaki. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, shahada ya maendeleo ya jamii, akazunguka na vyeti vyake ofisi baada ya ofisi, hatimaye akapata kazi Kasese mjini, kupokea wagonjwa katika kliniki ndogo ya homiopathi ya Daktari Kiiza. Aliipenda kazi ile kuliko alivyotarajia. Hospitalini alikuwa amezoea kuona mtu akipanga foleni tangu alfajiri ili aulizwe neno moja na kuandikiwa dawa. Kiiza alimkalisha mgonjwa, akamwekea maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwenyewe akachoka kusema. Gorret alikuwa ameona wachuuzi wa sokoni wakiingia wameinama na kutoka mabega yamenyooka. Aliamini kwa moyo wote kwamba dunia ingepungua ukali kama watu wangesikilizwa namna ile. Kwa hiyo siku moja alimshusha baba yake kutoka mlimani juu ya Bwera, wakapanda gari la Kasese.

Kiiza alimuuliza Blasio kama anapenda upepo au joto, kama hulia mbele ya watu au peke yake, kama hutamani chumvi, kama hulalia ubavu wa kushoto au wa kulia. Blasio alijibu kwa adabu, kofia mapajani. Kisha akamgeukia binti yake, akamuuliza kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, “Huyu anataka kunitibu au kunioa?”

Gorret alicheka hadi akafuta macho. Tangu mazishi hakuwa amemsikia baba yake akitania. Hakujua kwamba kule nyumbani, juu ya ungo, alitania kila mvua iliponyesha. Alidhani tiba imeshaanza.

Dawa ilikuwa matone katika chupa ndogo ya kahawia, yaliyotokana na mmea wa ukoo wa pasheni. Kiiza alieleza kwamba hupewa watu ambao akili zao zimesahau kupumzika. Tone la mmea huchanganywa na maji, likatikiswa sana, likachukuliwa tone la maji yale na kuchanganywa tena, na tena, mpaka mmea wenyewe hauonekani, lakini nguvu yake, kwa imani yake, hubaki. Blasio alisema basi hayo ni maji ya kusuuzia sufuria ya mchuzi. Akaongeza kwamba ua wa nyumba yake umejaa pasheni, mbuzi wanakula majani yake kila siku, na mbuzi wale hawana utulivu wowote. Kiiza naye akacheka, hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na aliamini alichokifanya.

Alipokuwa akifunga chupa, alitoa sharti. Mgonjwa asinywe kahawa, kwa kuwa kahawa hufuta dawa.

Gorret alifikiria nyumba yao. “Na harufu yake, daktari?”

Kiiza alikaza tena kifuniko cha chupa, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. “Harufu nayo si nzuri,” alisema. “Akiweza kuikwepa, bora zaidi.”

Mlangoni alimvuta Gorret pembeni, akamwambia kwamba baba yake amechoka kuliko anavyoonyesha, na kwamba asipoona nafuu baada ya wiki chache amrudishe hospitalini bila aibu. Gorret aliitikia. Lakini aliyoyabeba moyoni njia nzima, kupitia mbuga hadi Bwera na kupanda mlima, ni yale ya harufu.

Nyumbani aliwakalisha wazazi wake na kuwaeleza. Hakuna kona ya nyumba ile isiyokuwa na kahawa. Iko kwenye blanketi, kwenye nywele za mama, kwenye vidole vya baba. Alisema jambo ambalo alikuwa amelipanga tangu mjini. “Tata,” alisema, akimwita baba kama walivyomwita wote tangu utoto, “kahawa ndiyo iliyomtoa Mumbere nje siku ile. Unalala nayo na unaamka nayo. Utaponaje?”

Rusi aliyatazama magunia kwa muda mrefu. Hata yeye alikuwa amechoka kuamka, na alikuwa na tumaini lake.

“Kama ni kahawa inayomshika, mchukue,” alisema. “Mimi nitabaki nayo.”

Blasio alimtazama binti yake, uso ule uliojaa matumaini, mtoto wa mwisho aliyebaki wa kumwita baba. Akasema atakwenda. Akachukua koti lake la Jumapili na redio.

Gorret alimpangia chumba Bwera mjini, si mbali na mpaka, nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mkongo aliyeitwa Anastasie. Anastasie alikuwa ametoka Beni na watoto wake wakati wa mapigano, sasa aliuza vitenge na mafuta ya mawese siku za soko la Mpondwe. Aliweza Kinande, ambacho kinakaribiana sana na Lhukonzo, lakini kwa mambo ya moyoni alirudia Kiswahili cha kwao. Alilisikiliza sharti la kahawa akiwa amefunga mikono kifuani. Yeye alikunywa kahawa asubuhi na jioni. Tangu siku hiyo aliinywea kwa jirani, akinung'unika kwamba sasa amekuwa mkimbizi mara ya pili, na safari hii amefukuzwa na chupa.

Chumbani Blasio hakuwa na la kufanya. Alikaa kwenye benchi la barazani akitazama malori yakielekea Kongo. Alimchambulia Anastasie maharage mpaka yakaisha, akayachambua tena yale yaliyokwisha chambuliwa. Alivuta uzi mmoja mmoja kwenye pazia mpaka upindo ukafumuka. Mvua iliponyesha alitembea chumbani kutoka ukuta huu hadi ule, na Anastasie, upande wa pili, alimsikia. Matone aliyanywa kama alivyoelekezwa, chini ya ulimi, bila kukosa. Bundu, ugali wa muhogo, na sombe alizopikiwa alizigusa tu.

Gorret alipopiga simu, jibu lilikuwa lilelile. “Nimelala vizuri, mwanangu. Dawa inafanya kazi.”

Rusi pia aliambiwa hivyo, naye akashukuru, akaendelea kuvuna peke yake. Gorret alimpelekea Kiiza habari hiyo njema. Aliwaambia hata wagonjwa wengine, bila kutaja jina, kwamba anamfahamu mzee mmoja aliyekuwa amekata tamaa.

Siku moja ya soko lori la kahawa lilitoboka tairi mbele ya nyumba ya Anastasie. Wapakiaji walishusha magunia barazani ili lori lipate kuinuliwa. Wingu lilikuwa limeshuka. Blasio aliinuka bila kuitwa, akaanza kubeba pamoja nao. Aliwagombeza kwa kufunga midomo ya magunia kwa uvivu. Aliingiza vidole katika gunia moja, akauma buni, akatangaza kwamba mwenye mali hii ni mwongo, kahawa haijakauka. Vijana wakamwita afande, wakacheka, wakamwachia amri. Mvua ilipoanza wote walikimbilia hotelini kula, yeye akabaki kuyalinda magunia, na chini ya mabati ya baraza ile, katika kishindo kilekile alichokiogopa, akalala.

Hivyo ndivyo Gorret alivyomkuta, aliposhuka kwenye gari akiwa na chupa mpya mkobani. Shavu lake lilikuwa limezama katika gunia. Alimwamsha. Hakumpigia kelele, alilia tu.

“Tata, umeiua dawa.”

Blasio aliketi, akajipangusa mikono kwenye suruali kama mtoto aliyekutwa jikoni. Gorret alikwenda pembeni akampigia simu Kiiza. Alimweleza kuhusu magunia. Kuhusu usingizi hakusema, kwa kuwa usingizi ule aliuhesabu kuwa ni kazi ya dawa, iliyokuwa karibu kukamilika kabla ya kuharibiwa. Kiiza alisema basi waanze na chupa mpya.

“Tunaanza upya,” Gorret alimwambia baba yake. “Hata harufu, Tata. Niahidi.”

Blasio aliahidi.

Anastasie alikuwa amesimama mlangoni wakati wote huo. Alimwita Gorret ndani, akafunga pazia lililofumuka.

“Mutoto yangu, sikiliza. Papa yako halalaka. Miye niko namusikia, anatembea-tembea ndani ya chumba sawa mutu wa gereza. Leo ndio siku ya kwanza niliona amelala, uso yake ikapoa. Sasa weye unakuya kumuamusha?” Akasogea karibu. “Ni dawa gani ile inakatazaka mutu harufu ya kwabo?”

Gorret alimshika mkono na kumweleza taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wagonjwa, kwamba ugonjwa unapokaribia kutoka hupigana, na kwamba baba amemwambia mwenyewe kwa simu kuwa analala. Anastasie alisonya, akasema wababa wote husema hivyo kwa simu. Kisha akaacha, maana baba hakuwa wake. Jioni ile aliwaomba wenye malori wasiegeshe tena mbele ya nyumba.

Mvua za mwisho wa msimu zilikuja kwa nguvu. Mto Lhubiriha ukajaa, maji yakawa mekundu. Anastasie alipata habari ya msiba upande wa pili, akavuka mpaka na watoto wake kwenda kuzika, akamwachia Blasio mkaa na unga. Nyumba ikabaki kimya. Gorret alipiga simu siku ile mchana. Blasio alisema amelala vizuri. Akauliza kama mama yake Gorret ana mtu wa kumsaidia kuingiza kahawa ndani, mvua kama hii. Gorret alimwambia asiwaze kahawa.

Kiza kilipoingia Blasio alifunga mlango, ufunguo akauweka juu ya fremu ulipokuwa ukiwekwa kila mara, akaelekea mlimani. Mwendesha bodaboda mmoja baadaye alisimulia kwamba mzee alimwomba ampandishe, yeye akakataa kwa sababu ya tope, akamshauri asubiri kukuche. Mzee akamjibu kwamba yeye ni wa kule, atafika.

Alifika. Rusi, aliyekuwa ameingiza kahawa peke yake na kulala bila kula, hakusikia kitu, na Blasio hakubisha. Alfajiri mama huyo alipofungua mlango alimkuta mumewe ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya ukingo wa paa, maji ya mabati yakimdondokea bega moja. Koti la Jumapili lilikuwa limegandamana na mwili. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Katika mfuko wa shati, juu ya moyo, ilikuwepo chupa ya kahawia, imefungwa ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, juu ya kaveera nyingine. Chupa ilikuwa kavu kabisa.

Rusi alimkumbatia, akamvuta aingie penye moto. Blasio aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akajizuia.

“Usifungue sana, Rusi,” alisema. “Kahawa iko ndani. Nilitaka tu kuwa karibu.”

Rusi aliita majirani. Vijana wa kilima walimfunga kwenye machela ya fito na blanketi, wakampokezana hadi barabarani, tope likiwafika magotini, na kutoka hapo gari likampeleka hospitali. Daktari wa zamu alisema ni nimonia, na kwamba mwili haukuwa na akiba yoyote ya kupigana nayo. Aliuliza amekuwa akila nini, analala saa ngapi, nani amekuwa akikaa naye. Kila mmoja alikuwa na kipande tu cha jibu.

Gorret alifika akamkuta bado ana fahamu, anapumua kwa oksijeni, kucha zimekuwa za buluu. Alipiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kumwomba asamehewe, lakini swali ndilo lililotoka kwanza.

“Tata, kwa nini hukuingia?”

Blasio alisogeza kinyago cha oksijeni kwa kidole. Alimtazama kwa mshangao, kana kwamba hakutarajia kuulizwa jambo analolijua.

“Ulisema tunaanza upya,” alisema.

Baadaye, macho yakiwa yamefumbwa, alisema pia kwamba amelala vizuri. Hakuufikia mwisho wa wiki.

Kiiza alikuja msibani kutoka Kasese, suti yake imelowa. Alimshika Rusi mikono miwili, akakaa nyuma kabisa ya turubai la waombolezaji, hakuomba kusema neno. Alipokuwa akiondoka alimwambia Gorret kwamba hakupaswa kujibu lile swali la harufu, alijibu kwa sababu aliulizwa. Gorret alimwambia kwamba hata yeye hakupaswa kuliuliza. Walisimama hapo mvuani, watu wawili waliokuwa wamemtakia mema marehemu kuliko karibu wote waliokuwepo. Anastasie, aliyerudi kutoka msiba mmoja na kuingia katika mwingine, alipita na sinia la chai, akawapa kila mmoja kikombe bila kuwatazama.

Lakini hayo yalikuwa siku ya kuzika. Jioni kabla yake mwili uliletwa nyumbani kukesha, na nyumba haikuwa na nafasi. Wazee wa ukoo waliangalia chumba kilivyojaa, wakasema magunia yatolewe nje yafunikwe, ili marehemu alazwe katikati na watu wapate pa kukaa. Gorret ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika gunia. Alilivuta kwa nguvu zote, akafika nalo mlangoni, akalipitisha nusu juu ya kizingiti. Alikuwa anataka litoke. Alikuwa anataka yatoke yote, upesi, kabla hawajamwingiza.

Rusi aliweka mguu wake mbele ya gunia.

“Yaache,” alisema.

“Mama, wazee wamesema…”

“Nimesema yaache. Amekaa nje vya kutosha.”

Hakuna mzee aliyebisha. Wakamwingiza Blasio na kumlaza chini, kati ya ukuta wa magunia na kitanda chake, nafasi ikiwa nyembamba kiasi kwamba bega lake liligusa katani. Wanawake walikaa juu ya magunia, wengine wakabaki nje. Joto la watu lilipopanda, harufu ikafunguka na kujaa nyumba nzima.

Mvua ikaanza kugonga mabati. Rusi alinyoosha mkono chini ya kitanda, akautoa ungo, akaufungua mdomo wa gunia lililokuwa karibu na kichwa cha mumewe na kumwaga kidogo. Akaanza kuchambua. Gorret alisogea akaketi upande wa pili, mahali pa baba yake. Machozi yalimzuia kuona, alikuwa akizipitisha mbovu pamoja na nzima. Mama yake alizitoa moja moja na kuzirudisha upande wa mbovu, bila kusema kitu juu ya macho ya mtu yeyote.